Kumwonyesha mwandishi takwimu zinazopishana, kwa Kiingereza, bila kumkera

Swali: Nafanya kazi katika shirika dogo hapa Bukavu. Mshauri wetu wa Kampala ametuandikia ripoti kwa Kiingereza. Ukurasa wa 4 unasema kaya 1,240 zilipata mbegu, jedwali la 2 linasema 1,420. Nikamwandikia: “Your report is incoherent, please precise.” Tangu hapo amenuna. Ningeandikaje? (Mama wa Kadutu)

Jibu: Mama, lazima anune. Kifaransa ndicho kilichokuponza. Sisi tukisema “incohérent” tunamaanisha kwamba sehemu fulani haziafikiani. Kwa Kiingereza “incoherent” ni maneno yasiyoeleweka kabisa, kama ya mtu anayeweweseka kwa malaria. Ulilolitaka ni “inconsistent”. Na “precise” kwao si kitenzi. Andika “please clarify” au “please specify”.

Kwa tarakimu zinazopishana, neno la kikazi ni “discrepancy”. Mimi ningeandika hivi:

“There appears to be a discrepancy between page 4, which gives 1,240 households, and Table 2, which gives 1,420. Could you please confirm which figure is correct?”

Ona kwamba “your” haimo kabisa: unaulizia ukurasa na jedwali, mtu humgusi. “Appears” nayo si unafiki. Huenda ni wewe uliyesoma vibaya, na neno hilo linakuachia mlango wa kutokea. “Contradicts” iweke akiba kwa mambo mawili ambayo hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. “Fault” usiiguse, ile “faute” yetu ya tahajia ni “error”, ilhali “fault” inatafuta wa kulaumiwa.

Kabla ya kutuma, piga hesabu. 1,420 ukitoa 1,240 unapata 180, nayo inagawanyika kwa 9 bila baki. Wahasibu wanaijua dalili hiyo: mara nyingi tarakimu mbili zimebadilishana nafasi wakati wa kuchapa. Hapa huenda ni 2 na 4. Ila hesabu haikwambii ipi ndiyo sahihi, kwa hiyo fungua orodha ya waliosaini kupokea mbegu uhesabu majina. Hakikisha pia kwamba mnasoma namba kwa namna moja, maana tuliosomea Kifaransa tunaweka koma kwenye desimali, wao wanaiweka kwenye maelfu. Na 04/05 kwetu ni tarehe 4 Mei. Kwa Mmarekani ni 5 Aprili.

Zikiwa tofauti nyingi, usirudie sentensi ile ile kila mara, inachosha na inaonekana kama mashtaka. Tengeneza jedwali: ukurasa, kilichoandikwa, kinachopingana nacho. Juu yake weka mstari mmoja: “Please find below a list of inconsistencies for your review.”

Huyu wako aliyenuna mpigie simu kwanza, umsalimie, umuulize habari za nyumbani. Barua pepe ifuate baadaye.