Je, jiwe langu ni dhahabu?

SWALI: Shikamoo mzee. Nimenunua jiwe kwa kijana wa duarani, kwenye shimo la wachimbaji wadogo. Lina punje za njano zinazong'aa, nyingine za pembe nne kama zimekatwa kwa msumeno. Jirani ananiambia niliunguze jikoni dhahabu itoke. Nifanyeje?
Msomaji, Katoro, Geita

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza, jiwe hilo lisiingie jikoni kabisa. Hizo pembe nne zinanionyesha pairiti, madini ya chuma na salfa. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni salfa, na ukiiunguza hutoka moshi unaokaba koo. Ujanani niliwahi kuuvuta ndani ya banda lililofungwa, kifua kikaniuma siku tatu.

Chukua kikombe cha kaure, kigeuze. Chini pana ukingo mkavu usiong'aa. Sugulia punje hapo. Dhahabu huacha mstari wa njano. Pairiti, pamoja na unjano wake wote, huacha mstari mweusi wenye ukijani. Siku ya kwanza kuuona sikuamini, nikageuza jiwe nikasugua upande wa pili. Ukawa uleule.

Kisha weka punje moja juu ya chuma, ifunike kwa kitambaa usije ukaumia macho, uigonge kwa nyundo. Dhahabu hubonyea na kutandazika. Pairiti husagika ikawa unga mweusi. Ni ngumu kiasi cha kukwaruza kioo, wakati dhahabu utaitia alama kwa sindano tu. Hata mkononi ni nyepesi: uzito wake ni kama mara 5 ya maji, na dhahabu safi ni mara 19.

Lakini usilitupe! Kwenye miamba ya huku Geita dhahabu na pairiti hukaa pamoja, na nyingine hujificha ndani ya pairiti kwa chembe ambazo jicho halizioni. Peleka sampuli maabara, kama ile ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma, wakupimie ni gramu ngapi kwa tani. Hadi upate majibu, asikushawishi mtu kuongeza hata shilingi.

Na lihifadhi pakavu. Pairiti ikipata maji na hewa hugeuka kutu na asidi ya salfa. Ukiona maji mekundu yanachuruzika kutoka kwenye rundo la mawe ya mgodi, mbuzi wako wasiyanywe.