Kabla mtaa haujamwambia mwanao

Mwaka wa kwanza wa probesheni, yaani kuangaliwa na afisa badala ya kufungwa jela, niliwaambia wanangu kwamba kila baada ya wiki mbili, Jumatatu, nakwenda kukata leseni ya uvuvi. Leseni gani hiyo? Binti yangu wa kati, wakati huo ana miaka tisa, hakuuliza. Aliyemjuza ni mwenziwe wa chuoni, madrasa: "Babako ana kesi, huenda kutia sahihi." Alirudi akajikalia dakani, pale baraza ya mlangoni, mkoba mgongoni, akakataa kuingia ndani.

Nilikuwa nimempiga mvuvi mwenzangu kwa kasia, ugomvi wa nyavu, na hilo ndilo lililonifikisha mahakamani. Lakini lile la dakani ndilo linaloniuma zaidi. Lamu hii nyumba zimebanana hata mtu akikohoa mtaa wa Mkomani, wa mtaa wa Langoni wanamwambia pole. Na kabla ya hukumu, afisa wa probesheni alikuwa keshapita mtaani kuandika ripoti yake: kaongea na chifu, kaongea na majirani, kakaa barazani kwetu kanywa kahawa. Mtaa wote unajua, wasiojua ni watoto wangu peke yao!

Kwa hivyo ukitoka mahakamani na agizo lako, waambie jioni ile ile. Maneno machache yanatosha. Mimi nilisema, kwa kuchelewa: nilimpiga mtu, nilikosea, hakimu hakunifunga, ila kuna afisa ananiangalia kwa miaka miwili, na nikivunja masharti naweza kufungwa. Nilijiandaa kwa machozi. Mdogo akauliza tu, "Afisa huyo akija atakula kwetu?"

Usiwatume kukusemea uongo pia. Siku moja afisa alibisha hodi, nami niko juu, sina hamu na mtu. Nikamnong'oneza binti aseme sipo. Akashuka akasema. Afisa akatazama makubadhi yangu mlangoni, akamtazama mtoto, akasema, "Haya mama, mwambie baba nitarudi kesho." Hakunikaripia hata kesho yake. Afadhali angenikaripia.

Wazazi wengi huogopa kwamba watu wa probesheni watawanyang'anya watoto. Agizo lenyewe, chini ya Sura ya 64 ya sheria za Kenya, ni la miezi sita hadi miaka mitatu, na linakutaka uripoti, uwe na mwenendo mwema, na uarifu ukihama. Ukivunja, unaweza kutozwa faini au kuhukumiwa kwa kosa lile lile la mwanzo. Malezi ni jambo jingine. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa mtoto haki ya kulelewa na wazazi wake, na ukitumikia probesheni hujaacha kuwa mzazi. Mimi nilimficha afisa kwamba mwanangu mkubwa amerudishwa nyumbani kwa karo. Nilipomweleza, aliandika barua, na shule ikatupa muda. Si kila afisa atafanya hivyo, lakini ukinyamaza hatajua.

Lililotusumbua hasa ni dago, kambi ya uvuvi mbali na nyumbani. Kaskazi ikiingia, bahari imetulia, wenzangu hupiga kambi kisiwani Kiwayu siku kumi au zaidi, na pesa za mwaka ziko huko. Binti sasa ana kazi yake: hutia alama ya mkaa kwenye kalenda, kila Jumatatu yangu. Nilipokuwa nafungasha akaniambia, "Baba, Jumatatu utakuwa Kiwayu." Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikaenda ofisini siku ile ile, nikaeleza nakwenda wapi, na nani, narudi lini, na watoto watalala kwa dada yangu. Afisa akanisogezea siku. Omba ruhusa kabla ya kung'oa nanga, na hakikisha imeandikwa kwenye faili, maana afisa huhamishwa na mpya hakujui. Ukirudi na udhuru, hata wa kweli, unasikika kama wa mtoro.

Na usimwachie mtoto kazi hiyo ya kalenda moja kwa moja. Nimegundua wangu alikuwa akiamka usiku kuitazama. Sasa tunatia alama pamoja, baada ya chakula, kisha kalenda nairudisha chumbani kwangu.

Jumatatu ijayo imeangukia siku ya mtihani wake. Afisa nimeshampigia: nitafika saa nne, kwanza nampeleka shule.