Masta ya afya ya jamii: kabla hujaaga wodi

Wiki haipiti bila nesi mwenzangu kuniuliza: "Dada, nikasome masta ya afya ya jamii, inalipa?" Nami humuuliza, unakimbia nini? Wengi wanakimbia zamu za usiku. Siwalaumu, hata mimi ndivyo nilivyoanza.

Nilikuwa nesi wa kituo cha afya, na kila mwisho wa mwezi kazi ya kuhesabu kitabu namba 5 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), kile cha wagonjwa wa nje, ilikuwa yangu. Nilihesabu kwa vijiti, vitano vitano, huku foleni ikinisubiri mlangoni. Mgonjwa wa malaria aliyerudi siku ya tatu kwa kuwa homa haijashuka, nilimpigia kijiti kingine. Miaka miwili hivyo. Ndipo darasani Muhimbili, mwalimu wa epidemiolojia, somo la jinsi magonjwa yanavyoenea kwenye jamii, alipotenganisha wagonjwa wapya na marudio, nikahisi uso unawaka. Kumbe malaria nyingine ya kata ile niliizalisha mimi kwa kalamu!

Kwangu masta ililipa siku ile. Masomo ya sera na uongozi nilifaulu, nimeshayasahau nusu. Takwimu zilinitoa machozi, na ndizo zinazonilisha mpaka leo. Kwa hiyo ukienda, usitegee kwenye Stata, ile programu ya kuchambua takwimu. Kaa nayo hadi uweze kusafisha data chafu bila kumpigia mtu simu.

Kwenye tasnifu nilipoteza fedha. Nilienda kuhoji watu 384, ile namba maarufu ambayo kila mwanafunzi huipata kwenye fomula ya sampuli akikadiria kwamba asilimia 50 ya watu wana jambo analolitafiti. Nauli, soda za wahojaji, kuchapisha madodoso, vyote mfukoni mwangu. Ningetumia madaftari ya kituo nilichokifahamu, ningemaliza mapema na kujua zaidi. Kibali cha maadili ya utafiti nacho kiombe mapema, kwa sababu kamati haijui kwamba kodi yako ya chumba inaisha.

Ajira zipo: halmashauri, wizara, vyuo, taasisi za utafiti kama NIMR na Ifakara, na miradi ya mashirika. Mimi niliifuata miradi. Mshahara ulikuwa mzuri, mkataba wa mwaka mmoja mmoja, nikaandika barua ya kuacha kazi serikalini. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na mradi wetu wa UKIMWI haukuamka tena. Tuliosoma darasa moja tulikutana kwenye usaili wa nafasi moja, tukachekana kwa aibu. Mwenzetu aliyeomba ruhusa ya masomo na kubaki na cheki namba yake, yaani namba ya mtumishi wa serikali, alikuwa analala usingizi. Usiitupe cheki namba kwa ajili ya mkataba wa miezi kumi na miwili, hata kama gari lao ni jipya.

Nilikaa nyumbani miezi tisa. Kilichonirudisha kazini hakikuwa cheti. Halmashauri ilitaka mtu wa kupitia ripoti za vituo kabla hazijaingia DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, wakanipa data za jaribio nizisafishe palepale.

Wiki iliyopita zahanati moja ilileta wagonjwa 61 wa kuhara, mahali ambapo kwa kawaida hawazidi 20. Nikapiga simu kwanza: "Dada, marudio umeyatenga?"

Alikuwa ameyatenga. Tukamwita dereva.