Diklofenaki haitibu sonona

Pole dada wa Moshi. Umeuliza kama baridi yabisi na kukosa furaha kwa wiki 3 vinahusiana, na kama diklofenaki, dawa ya maumivu, ya kila siku itasaidia.

Vinahusiana. Mchochota wa viungo, yaani kuvimba na kuuma kwake, humwaga kwenye damu kemikali kama intalukini-6, ambazo huufikia ubongo na kuleta uchovu, usingizi mbovu na kutotamani chochote, kama mtu mwenye malaria. Msongo ukidumu, homoni ya kotisoli inayotuliza mchochota huendelea kutoka, ila seli huacha kuisikia.

Lakini usimeze diklofenaki kwa ajili ya huzuni. Ukiimeza kila siku inaweza kukuletea vidonda vya tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo. CRP yako ya 14 uliyoitaja nayo ni kipimo cha damu cha mchochota, haipimi huzuni. Inaweza kuwa imepandishwa na baridi yabisi yenyewe, au hata jino bovu. Rudia kipimo hicho baada ya wiki 2 hadi 3, ukiwa huna homa wala mafua. Pima pia wingi wa damu na homoni za tezi ya shingo, maana upungufu wa damu au wa homoni hizo hufanana sana na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni.

Ukienda hospitali ya KCMC, mweleze daktari wa viungo huzuni hiyo pia. Ukipewa dawa ya sonona, huchukua wiki 2 hadi 6 kufanya kazi. Usiiache siku ya 10 ukidhani imeshindwa. Kama unatumia methotreksati, dawa ya baridi yabisi, pombe ya mbege weka kando, ini linaweza kuumia. Mawazo ya kujiua yakija, nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kliniki.