Bodi yangu imeigwa, nimshtaki?

Swali: Mhandisi, salaam. Mimi ni fundi hapa Nakuru. Nilibuni bodi ya kudhibiti joto la mashine ya kuangua vifaranga, inayotumia chipu ya ATmega328P, kisha nikaweka michoro na programu wazi kwa leseni ya CERN-OHL-S, leseni huria ya vifaa. Sasa kuna jamaa Kisumu anauza bodi ileile kwa nusu ya bei yangu, na ameichapa jina la duka langu. Nimshtaki?

Jibu: Fundi wangu, kunakili ulimruhusu mwenyewe, na kuuza pia. Bei ni yake kupanga. Tena nakisia Uno, ile bodi ya Arduino unayofanyia majaribio, ni ile ya bei nafuu yenye chipu ya CH340 pale kwenye USB. Hiyo nayo ni nakala, na ni halali: Arduino, walioanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, waliachilia michoro yao. Jina hawakuliachilia.

Jamaa yako amekosea hapo kwenye jina. Angeandika lake ingekuwa nakala. Kwa kuandika lako, ni bandia. Kama umesajili alama yako ya biashara KIPI, taasisi ya Kenya ya mali ya viwanda, mwandikie barua kwanza, mahakama baadaye. Kama hujasajili, anza wiki hii. Usajili hudumu miaka 10 na huhuishwa. Bila usajili bado unaweza kudai, ila itabidi uthibitishe kwamba wateja wanakujua kwa jina hilo, na hiyo si kazi ndogo.

Halafu kuna ile herufi S mwishoni mwa jina la leseni yako. Akibadilisha muundo na kuuuza, anapaswa kuwapa wanunuzi njia ya kupata michoro iliyobadilishwa, kwa leseni ileile. Nunua moja, uidai. Huenda ameboresha kitu kitakachokufaa.

Kuhusu bei, usishindane naye huko, utaumia. Mayai ya kuku huhitaji takriban 37.5°C kwa siku 21, na sensa kama DS18B20 inaweza kukosea nusu digrii. Kabla ya kuuza, tumbukiza kila sensa kwenye maji ya vuguvugu pamoja na kipimajoto cha hospitali, kisha andika tofauti hiyo ndani ya programu ya bodi husika. Mchoro haumpi kazi hiyo, na mfugaji aliyewahi kupoteza trei nzima ya mayai atakulipa kwa ajili yake.

Toleo lijalo unaweza kulifunga ukipenda, yaani usitoe michoro yake. MakerBot, watengenezaji wa printa za 3D, walifanya hivyo mwaka 2012, wakawaudhi watu walewale waliowachangia miundo. Lile la kwanza halirudi tena mfukoni mwako.