Jibu: Kwa nini walicheka mji wangu ulipozingirwa?

Ndugu yangu, umeniandikia kuhusu hadithi unayoisimulia, ya mji unaozingirwa na jeshi la majini. Unalalamika kuwa wasikilizaji wako hapo Mkunazini walicheka pale majini hao walipouzingira mji, kisha wakatulia tuli kwenye mgao wa maji, sehemu uliyodhani itawachosha. Mimi naona wamekusikiliza vizuri. Jini kwetu si kioja, kila baraza ina mtu mwenye kisa chake, basi ukimleta na upanga wa moto watu watataniana tu. Lakini yule bibi wa hadithi yako anayepima maji kwa kata huku akimpunja mkwewe, huyo wanamjua!

Na mzingiro wa kweli ndivyo ulivyo. Ngome ya Yesu kule Mombasa ilizingirwa na Waomani tangu 1696 hadi 1698, na maradhi yaliwamaliza wengi waliokuwa ndani.

Majini wabaki nje ya kuta, wasikike tu. Hotuba ya mfalme ifute yote (hata mimi ningecheka). Bibi mwongezee: kisima kikianza kutoa tope, kata ya mwisho atampa nani? Halafu umesema ulianza kwa kueleza ramani ya mji. Anza na "Paukwa", waitike kwanza, ndiyo uwaingize ndani.