Usiipake Kutu Kila Mahali

Modeli yangu ya kwanza ya injini ya mvuke ililetwa na kaka kutoka Uingereza. Ya plastiki, ukubwa wa 1 kwa 76, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha mwanafunzi siku ya kufungua shule. Sisi tuliokulia Kigoma, kwenye reli iliyofika hapa mwaka 1914 na kuishia hapa hapa, hatujawahi kuona treni inayong'aa namna ile. Nikachanganya rangi ya kahawia na ya chungwa, nikaipaka kutu kuanzia dohani mpaka tenda, lile behewa la nyuma la kubebea maji na makaa au mafuta. Kisha, kwa majivuno yangu yote, nikaipeleka Ujiji kwa mzee mmoja ambaye ujanani alikuwa akichochea moto kwenye injini hizo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hii mmeiopoa ziwani?"

Akaweka ukucha kwenye fito zinazozungusha magurudumu. "Hapa palikuwa panamiminwa mafuta kila safari. Hiyo kutu imepitia wapi?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo sipaki doa kabla sijajiuliza limetoka wapi, na ushauri wangu karibu wote umo humo.

Anza na uchafu wa juu, ambao ni wa moshi. Masizi hutua juu ya boila na paa la kibanda cha dereva, hayatui ubavuni kwa wingi uleule. Hapa watu humwaga rangi nyeusi tii, na modeli inageuka kipande cha mkaa. Kitu kidogo kikipakwa weusi mtupu huonekana cha kuchezea. Mimi huongeza kijivu kidogo kwenye nyeusi, na sehemu ya mbele, chini ya dohani, naifanya ikaribie rangi ya jivu, maana pale joto huiunguza rangi mpaka inapauka.

Chini ni vumbi. Kabla ya kununua rangi yoyote, nenda kaangalie udongo wa pembeni mwa reli unayoikusudia. Nilichota kiganja kimoja karibu na stesheni yetu nikakiweka mezani, nikachanganya rangi mpaka vikafanana. Vumbi liwe zito kwenye magurudumu na ngazi za chini, lififie kadiri unavyopanda. Ukitaka kutumia vumbi lenyewe, lichekeche kwa kitambaa cha soksi. Ila usikwangue kutu ya kweli kwenye chuma ukainyunyizia: ndani ya modeli kuna mota yenye sumaku, na chembe za chuma zitaifuata huko huko.

Katikati ndiko kwenye utamu, kwa sababu ndiko maji na mafuta yanakopita. Maji ya boila yakivuja na kukauka huacha michirizi myeupe ya chokaa, kama ile ya ndani ya birika la chai. Tafuta vali ya usalama na viungo vya mabomba, ndipo michirizi ianzie. Mimi natumia rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa tapentaini mpaka iwe nyepesi kama chai ya rangi. Napaka eneo dogo, nasubiri dakika chache, kisha nafuta kwa kijiti cha pamba cha masikio, kutoka juu kwenda chini tu, jinsi mvua inavyoteremka. Kinachobaki kwenye mistari ya ribiti, zile pini zinazounganisha mabati, ndicho unachokitaka. Chini yake pawe na rangi ya akriliki iliyokauka vizuri, tapentaini haiigusi. Thina ya kupulizia magari usiithubutu, mimi ilinilia ngazi nzima.

Vipimo pia husahaulika. Kwenye ukubwa huu milimita 1 ni sentimita 7.6 za injini halisi. Mchirizi wa milimita 3, unaoonekana mwembamba mezani, kumbe ni wa upana wa sentimita 23! Mchirizi wa maji gani huo? Tumia brashi nyembamba kuliko unayodhani inatosha.

Ukitengeneza injini ya East African Railways, usirundike makaa kwenye tenda kwa mazoea ya picha za Ulaya. Nyingi za injini zao kubwa zilichoma mafuta mazito. Ukitaka mfano, injini namba 3020 iliyopewa jina la Nyaturu, watu wetu wa Singida, imehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na ile nyekundu iliyoiva ya ubavuni inafaa kuigwa. Kwenye injini ya mafuta, pembeni mwa mdomo wa tangi weka ulimi wa rangi nyeusi inayong'aa, umwagikie chini kidogo. Ni sehemu chache ninazoruhusu mng'aro. Nyingine ni hizo fito, na vishikio vya mlangoni, ambavyo nasugua kwa unga wa penseli mpaka vitoe rangi ya chuma kilichoshikwa na mikono. Kutu yenyewe? Kidogo tu, kwenye bafa, yale matako ya chuma ya kupokea kishindo cha behewa, na sakafu ya tenda.

Mwisho ni vanishi isiyong'aa. Yangu ya kopo niliipulizia mwezi wa pili, mvua imetoka kukatika na hewa imejaa unyevu, ikaganda na utando mweupe kama maziwa juu ya kazi ya wiki tatu. Pulizia siku kavu, na ukumbuke vanishi hufifisha vumbi ulilonyunyizia, kwa hiyo ulizidishe kidogo mapema. Ikikauka, futa nyuso za magurudumu kwa spiriti, la sivyo umeme hautapita na injini haitasogea.

Ile ya utando bado iko rafuni. Nasubiri kiangazi niifute nianze upya, na safari hii fito nitamwonyesha babu kwanza.